Maoni ya Mmarekani mmoja si neno la Marekani

Bwana Mhariri,

Nakuandikia juu ya ukurasa wenu wa habari za dunia, ambao siku hizi una Marekani nyingi kuliko miji jirani yetu, Likasi na Kolwezi, ikijumlishwa. Katika toleo la wiki iliyopita mlichapa habari yenye kichwa kikubwa kwamba Wamarekani wamechoka kuilisha Afrika, sasa wanataka madini yake na basi. Nimeisoma mpaka mwisho nikiwatafuta hao Wamarekani. Sikuona waziri aliyesema neno, wala sheria iliyopitishwa, wala kura iliyopigwa. Nilichoona ni makala ya maoni ya mtu mmoja, mhafidhina, iliyotafsiriwa na kukatwakatwa, jina la mwenyewe likaachwa njiani. Mahali pa jina mmeweka "wachambuzi wa Marekani". Wachambuzi, kwa wingi!

Siombi muache kuwachapa wahafidhina. Naomba muwachape zaidi, tena kwa urefu wao. Katika mambo ya nyumba, ya kanisa na ya biashara mimi mwenyewe naitwa mtu wa zamani, na nikisoma Mmarekani anayetetea baba kulea wanawe na mfanyabiashara kuachiwa faida yake, nakubali kwa kichwa hata kabla sijamaliza sentensi. Shida yangu ni kwamba mmechukua hoja na kuivalisha nguo za habari.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kabla ya hapo nilisoma historia pale chuo kikuu, Kasapa, na tasnifu yangu ya lisansi ilihusu magazeti ya miaka ile Katanga yetu ilipojitenga na Kongo. Kazi ya historia haikupatikana, bisibisi ikapatikana. Kibandani kwangu gazeti lenu hupita mikono mingi kabla halijaenda kufungia karanga. Toleo lile lilipofika kwa kijana anayebadilisha pesa jirani yangu, alisoma kichwa cha habari tu, akalikunja: "Bamerika banaisha kukata maneno, njo vile," yaani Wamarekani wameshaamua, basi. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja redio yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama dawa za mtoto wa dada yake ndiyo zimekwisha, dawa zile za kila siku ambazo mtu hazitaji jina mbele ya watu.

Ikabidi niweke kazi chini nimtenganishie. Agizo la Rais Trump la tarehe 20 Januari 2025, la kusimamisha misaada ya nje, lilikuwa neno la serikali. Kufungwa kwa USAID, shirika lao la misaada, katikati ya mwaka uleule, vilevile. Hayo yana saini na yana tarehe, na yameumiza watu tunaowajua. Lakini haya ya wiki iliyopita ni mtu ameketi mezani kwake anaeleza kwa nini anaona ni vizuri. Hayafungi stoo ya dawa wala hayaifungui. Mzee alinielewa upesi. Yule kijana wa dola hakutaka kuelewa, maana alishaanza kuwaambia wateja.

Sisi wa mji huu, kuliko wengine, tungetakiwa kuogopa kuchanganya mambo hayo mawili. Mwaka 1961, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, waandishi wahafidhina wa Marekani walitupenda kupita kiasi. Jarida lao kubwa la maoni lilikuwa National Review, lililoanzishwa mwaka 1955 na William F. Buckley akiwa hajatimiza miaka 30, kwa nia aliyoitangaza yeye mwenyewe ya kusimama mbele ya historia na kuipigia kelele isimame. Kwa watu hao Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, alikuwa na kila walichokuwa wakikitafuta kwa kiongozi wa Afrika: Mmethodisti, mtoto wa mfanyabiashara tajiri, adui wa ukomunisti, mtu asiyeitishia Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoanza kupigana hapa, ikaundwa kule kamati ya kuwasaidia wapigania uhuru wa Katanga. Mratibu wake alikuwa Marvin Liebman, na mwenyekiti wake Max Yergan, Mmarekani Mweusi aliyewahi kusimama kushoto kabisa, bega kwa bega na Paul Robeson, kabla ya kugeuka. Desemba ile kamati ilinunua ukurasa mzima wa New York Times kuwatangazia Wamarekani kwamba Katanga ndiyo Hungaria ya 1961. Yaani sisi ndio Budapest, na askari wa kofia za buluu ndio vifaru vya Warusi vilivyoikanyaga mwaka 1956.

Wiki chache kabla ya tangazo hilo, Seneta Thomas Dodd wa Connecticut, mtetezi mkubwa wa Tshombe, alikuwa mgeni mjini hapa. (Angalia, Bwana Mhariri: Dodd alikuwa Mdemokrati, wa chama kilekile cha Rais Kennedy. Mngemchapa leo mngemwita nani?) Usiku wa tarehe 28 Novemba aliandaliwa karamu nyumbani kwa mwakilishi wa kampuni ya mafuta ya Mobil. Wakubwa wawili wa Umoja wa Mataifa, Brian Urquhart na George Ivan Smith, walikuwa wamealikwa pia. Askari wa Tshombe waliingia nyumbani mle wakawashika na kuwapiga. Konseli wa Marekani, Lewis Hoffacker, akifika na mgeni wake seneta, alimpokonya Smith mikononi mwa askari na kumtia garini. Urquhart hakupata bahati hiyo: walimchukua, wakampiga tena, wakamwachia baadaye usiku uleule. Seneta alirudi kwao akaendelea kumtetea Tshombe kama kwamba karamu ilimalizika kwa kahawa.

Marehemu baba yangu alikuwa kijana karani miaka hiyo. Alitusimulia jinsi redio ya Katanga ilivyokuwa ikisoma maneno ya marafiki wa Amerika, na jinsi watu wa Kamalondo walivyolala wakijua kwamba Amerika iko nao. Amerika ipi? Serikali ya Kennedy ndiyo iliyokuwa ikiwasafirisha askari wa Umoja wa Mataifa kwa ndege zake. Machi 1962 vijana wahafidhina walijaza ukumbi wa Madison Square Garden pale New York, na Tshombe alikuwa miongoni mwa waliokusudiwa kupewa heshima siku hiyo. Hakufika, kwa sababu Washington ilimnyima viza. Halafu Januari 1963 kujitenga kwetu kukaisha. Makala zile zote, na nyingine ziliandikwa kwa ufundi kweli, nimezisoma, hazikuzuia hata gari moja la askari wa Kihindi kuvuka mto Lufira na kuingia Jadotville, Likasi ya leo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Elisabethville hakuambiwa. Agosti 1957 jarida hilohilo la Buckley lilichapa tahariri iliyosema kwamba Weupe wa majimbo ya kusini ya Marekani wana haki ya kushika utawala hata pale walipo wachache, kwa kuwa kwa wakati ule wao ndio walioendelea. Tshombe wa Katanga apewe nchi, Mweusi wa Mississippi angojee karatasi ya kura. Mwaka 2004 Buckley mwenyewe alikiri kwamba kwa habari ya haki za Weusi wa kwao alikosea. Lakini fikiria mtu wa mtaa wetu wa Katuba mwaka 1961, anayesikia redioni kwamba gazeti fulani la Marekani linamsifu kiongozi wake. Angelijua na hili la 1957, angelisikiliza kwa sikio jingine kabisa. Ndiyo maana jina la mwandishi na la gazeti si pambo.

Na mfuko je? Hapa kwetu hakuna asiyejua coupage. Mwandishi anaitwa kwenye mkutano, anapewa bahasha ya usafiri, na kesho yake mheshimiwa anatoka gazetini amenyooka kama mshumaa. Tunadhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Januari 2005 iligunduliwa kwamba Armstrong Williams, mchambuzi mhafidhina mwenye safu magazetini na kipindi cha televisheni, alikuwa amelipwa dola 240,000 kwa njia ya mkataba na wizara ya elimu ya Marekani ili aisifu sheria ya elimu ya Rais Bush. Kampuni iliyokuwa ikisambaza safu yake ilimwacha mara moja. Tofauti yao na sisi ni hiyo kampuni tu. Na wakati wa Katanga, ofisi ya habari iliyokuwa New York ikilisha magazeti ya huko sifa zetu iliongozwa na Mbelgiji, Michel Struelens. Aliyemlipa mshahara hakuwa mama muuza sombe wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini.

Sasa mtasema: fundi, wasomaji wanajua kutofautisha. Hata kule wanakosomea gazeti na kahawa hawajui, na mahakama zimelazimika kuwasaidia. Kituo cha televisheni cha kihafidhina cha Fox News kilishtakiwa na mwanamke mmoja kwamba Tucker Carlson, aliyekuwa mtangazaji wake wa maoni mwenye watazamaji wengi, amemchafulia jina. Mawakili wa Fox walijitetea kwamba mtu mwenye akili timamu anayemtazama Carlson anajua kuwa hatoi habari, anakuza mambo na kubishana. Jaji akakubali, kesi ikafutwa mwaka 2020. Upande wa pili usicheke: mwaka huohuo Rachel Maddow wa kituo cha MSNBC, kipenzi cha watu wa kushoto, aliponyoka kwenye kesi ya aina hiyohiyo kwa hoja inayofanana. Mbele ya jaji, wote wawili ni watoa maoni. Wakivuka bahari na kufika meza yenu, wanageuka kuwa "imeripotiwa Marekani".

Tena kinga hiyo ina mpaka wake. Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion dola milioni 787.5, kwa sababu ya uongo uliorushwa kwenye vipindi vyake kwamba mashine hizo ziliiba uchaguzi wa 2020. Maoni ni huru, ila kusema mashine imebadilisha kura ni kudai kwamba jambo limetokea, na anayedai aonyeshe.

Kwa magazeti mazito ya kule ukuta huu kati ya maoni na habari ni mrefu sana. Wall Street Journal, gazeti la watu wa pesa, lina kurasa za maoni za kihafidhina kabisa, na kurasa hizo zina mhariri wao, mbali na mhariri wa habari. Julai 2020 wafanyakazi zaidi ya 280 wa gazeti hilo na wa kampuni yake walimwandikia mkuu wao kulalamika kwamba kurasa za maoni zinapitisha mambo yasiyohakikishwa, na waliomba maoni yatengwe waziwazi zaidi na habari. Watu wa maoni wakajibu kwamba wao hawataenda na upepo. Hata ugomvi wao ulikuwa juu ya ukuta, si juu ya kuubomoa.

Redio ni kazi yangu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Tangu 1949 mpaka 1987 vituo vya redio na televisheni vya Marekani vilibanwa na kanuni iliyovitaka kugusa mambo yanayobishaniwa na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Serikali ya Reagan ikaiondoa. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaanza kipindi chake cha nchi nzima, kwa muda wa saa tatu kila siku ya kazi, upande mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na akabaki hewani mpaka karibu na kifo chake Februari 2021. Wako wanaoililia kanuni ile. Mimi siililii: hapa kwetu najua nani angepewa kazi ya kupima "usawa", na najua kituo gani kingefungwa kwanza. Limbaugh na aseme saa zake tatu. Aliyekuwa akimsikiliza alijua ni Limbaugh.

Kuna hoja yao moja ambayo ningependa mtuletee nzima, tuigombanie. Ni ile ya kupunguza serikali. Reagan, tarehe 20 Januari 1981, alipoapishwa, alisema kwamba katika shida ile waliyokuwa nayo serikali siyo dawa, serikali ndiyo ugonjwa. Mkitafsiri maneno hayo na kuyaacha hivyo, msomaji wa Lubumbashi atapiga makofi, kisha atajiuliza anapiga kwa nini. Kwetu serikali ni nene mlangoni na nyembamba barabarani. Wanaopita kibandani kwangu na kitabu cha risiti siku nyingine wanawashinda wateja, kila mmoja na idara yake na muhuri wake, na wawili kati yao wanadai kodi ileile kwa majina mawili. Ukionyesha risiti ya mwenzake, anaitazama kana kwamba nimemwonyesha noti bandia. Lakini mvua ya Januari ikishachimba njia ya kwenda Katuba mpaka pikipiki zinabebwa begani, hakuna hata mmoja wao ninayemwona pale na koleo. Mhafidhina wa Marekani anapoandika "serikali ipunguzwe", anaizungumzia inayomtengenezea barabara kisha inamzidishia masharti. Sisi tunataka ile ya mlangoni ipungue na ile ya barabarani ianze. Hapo ningependa kumsoma mtu kama Thomas Sowell, Mweusi aliyekulia Harlem, ujanani mfuasi wa Marx, baadaye mchumi aliyetetea soko huria katika safu yake ya magazetini mpaka alipoiacha mwisho wa 2016. Ningependa mwalimu wa uchumi wa hapa amjibu ukurasa huohuo. Mabishano kama hayo yangefaa kuliko vichwa vyenu vitano vya "Marekani yatikisika".

Wahafidhina wenyewe si wamoja, na hili ndilo linaloniudhi zaidi katika habari ile ya wiki iliyopita. Mwanzoni mwa 2016 National Review ilitoa toleo maalumu la kumpinga Trump. George Will, mwandishi wa safu ya Washington Post tangu 1974 na mshindi wa tuzo ya Pulitzer, alijiondoa chama cha Republican mwaka huohuo. Na kuhusu hizo dawa ambazo mzee aliniuliza: mpango mkubwa wa Marekani wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, Mrepublikani na mhafidhina. Mmoja wa waliousukuma ndani ya Ikulu yake alikuwa mwandishi wa hotuba zake, Michael Gerson, Mkristo wa kiinjili, ambaye baadaye akawa mwandishi wa maoni wa Washington Post na kuutetea mpango huo mpaka karibu na kifo chake Novemba 2022. Huyo naye alikuwa mhafidhina. Yeye hakuchoka.

Nimalizie na madini ya kobalti, kwa kuwa makala yenu iliigusa na mkaacha ipite. Mwandishi yule anasema Kongo iliwakabidhi Wachina migodi yake kwa usingizi. Hisa kubwa za mgodi wa shaba na kobalti wa Tenke Fungurume ziliuzwa na Freeport-McMoRan, kampuni ya Marekani yenye madeni, kwa China Molybdenum, mwaka 2016, kwa dola bilioni 2.65. Muuzaji alikuwa Mmarekani. Mwenye maoni ana haki ya kulilia mauzo hayo, hata mimi nina la kusema juu yake, lakini mhariri alitakiwa kuongeza mstari mmoja chini ya makala kumkumbusha msomaji nani alimuuzia nani. Mstari mmoja! Kila mlinzi wa usiku pale Fungurume angewapa bure.

Kwa hiyo naomba hivi. Makala ya Mmarekani ikija, juu yake iandikwe kwamba ni maoni, liwepo jina lake, gazeti lake na tarehe, na maneno machache ya kusema yeye ni wa upande upi na amewahi kufanya kazi kwa nani. Kichwa cha habari kiseme "fulani asema", siyo "Marekani yasema". Na kwa kuwa mmeshamchapa huyu aliyechoka kutulisha, toleo lijalo mtafuteni mhafidhina mwenzake wa mstari wa Gerson mumpe nafasi sawa. Kama mtaniambia nafasi haitoshi, toeni ile picha ya tai wa Marekani, imekula nusu ya ukurasa na haina habari yoyote.

Wako,

Fundi wa redio,
Kamalondo, Lubumbashi